Elimu ya Lazima: Serikali Inakudai, Nawe Unaidai

Kila Januari, wiki mbili tatu baada ya shule kufunguliwa, ofisi za watendaji wa kata huanza kupokea majina. Ni orodha za watoto waliochaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza lakini hawajaripoti, pamoja na wale wa Darasa la Kwanza ambao mtaa mzima unajua wapo nyumbani ila hawakuandikishwa. Mgambo anatumwa, mzazi anaitwa, anaelezwa habari za faini na mahakama. Mzazi huyo anajua fika kwamba sheria inamdai. Asichokijua, na ambacho sijawahi kuona tangazo la mtendaji likimkumbusha, ni kwamba mfumo huohuo unaidai Serikali. Mfumo wa elimu ya lazima umejengwa juu ya madeni ya pande mbili, na mzazi anayelijua deni moja tu atabaki akiitwa ofisini bila yeye kumwita mtu.

Makala haya ni kwa ajili ya mzazi au mlezi wa Tanzania Bara ambaye mtoto wake yuko katika shule ya Serikali, au anakaribia kuanza. Sasa hivi mambo mengi yanabadilika kwa pamoja, na shuleni maelezo hutolewa kwa haraka, pengine na mwalimu ambaye naye ameyasikia kwenye semina ya siku moja.

Tuanze na mantiki yenyewe. Nchi zilizotangulia kuwalazimisha wazazi kusomesha ziligundua mapema kwamba amri peke yake haitoshi. Prussia, ambayo maeneo yake mengi leo yako Ujerumani na Poland, ilitoa amri yake ya shule za vijijini mwaka 1763, na ilichukua miaka mingi sana kabla watoto wa wakulima hawajaonekana darasani mwaka mzima. Uingereza ilianza kwa kujenga shule, kwa sheria ya 1870, ikafanya mahudhurio kuwa ya lazima mwaka 1880, na mwaka 1891 ikaondoa ada katika shule nyingi za msingi, kwa sababu mahakimu walikuwa wanawatoza faini watu ambao hawakuwa na hata senti ya ada. Ufaransa chini ya waziri Jules Ferry ilikwenda kwa mpangilio wenye akili zaidi: mwaka 1881 elimu ya msingi ikawa bure, na mwaka uliofuata ikawa lazima. Bure kwanza, lazima baadaye. Humwadhibu mtu kwa kushindwa kununua kitu. Ukitaka kumlazimisha, kwanza umwekee kitu hicho mahali anapoweza kukifikia.

Sisi tulifuata njia yetu, na tuliipitia kwa mwendo wa mbio. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba ifikapo mwishoni mwa 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe ameingia darasani, wakati lengo la awali lilikuwa mbele zaidi. Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978 ikaja kuupa uamuzi huo meno: kila mtoto aliyefikisha miaka 7 na ambaye hajafikisha 13 lazima aandikishwe na ahudhurie. Madarasa yalijengwa kwa nguvu za wananchi. Walimu hawakutosha, kwa hiyo vijana waliomaliza Darasa la Saba walichukuliwa wakafunzwa ualimu hukohuko vijijini, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na mazoezi ya darasani. Wazee wengi wanaosoma gazeti leo walifundishwa herufi na walimu hao wa UPE, yaani wa Elimu ya Msingi kwa Wote, na si haki kuwadharau. Walifanya kazi ambayo hakukuwa na mwingine wa kuifanya.

Lakini angalia kilichofuata. Uchumi ulipoyumba katika miaka ya 1980, michango na ada zikarudi mlango wa nyuma, na watoto wakaanza kupungua shuleni ingawa ulazima wa sheria ya 1978 ulikuwa palepale. Ada ya shule ya msingi ilipoondolewa mwaka 2001, kuelekea Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule tuliouita MMEM, watoto walifurika hadi wengine wakakaa sakafuni. Januari 2016, baada ya Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 kufuta ada mpaka Kidato cha Nne, mafuriko yakatokea tena na nchi nzima ikaingia kwenye kampeni ya madawati. Ulazima ulikuwa uleule miaka yote hiyo. Kilichojaza na kumwaga madarasa ni gharama.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kulielewa vizuri ni pesa, maana hapa ndipo ugomvi mwingi wa mzazi na shule unapoanzia.

Elimu bila malipo, kwa maana ya nyaraka za Serikali, ni kwamba hulipi ada wala mchango wa kuendesha shule. Si kwamba hutatoa chochote. Waraka Na. 3 wa 2016 uligawa majukumu waziwazi: sare za shule na za michezo, madaftari, kalamu, matibabu, nauli na chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni juu ya mzazi. Serikali inabeba fidia ya ada, ruzuku ya uendeshaji, na chakula cha wanafunzi wa bweni. Mzazi anayesema «Mama Samia amesema bure» akakataa kumnunulia mtoto daftari anakosea. Na mwalimu anayemrudisha mtoto nyumbani kwa sababu mzazi hajatoa hela ya mlinzi au ya mtihani wa kila Ijumaa, naye anakosea, tena zaidi, kwa sababu mtoto si mdaiwa wa mtu.

Sasa fungua daftari tupige hesabu. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na 25,000 kwa wa sekondari. Katika ile 10,000, shilingi 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo hufika kwenye akaunti ya shule. Shule yenye watoto 800 inapata shilingi 4,800,000 kwa mwaka, yaani 400,000 kwa mwezi. Hapo ndipo patoke chaki, karatasi za mitihani, ukarabati mdogo, vifaa vya michezo na mambo ya ofisi. Kiwango hicho cha 10,000 kiliwekwa enzi za MMEM, wakati kilipokaribiana na dola 10 za Marekani. Leo hakifiki hata nusu ya thamani hiyo. Nasema hivi nikiwa sina nia ya kumtetea mwalimu mkuu anayechangisha kinyume cha utaratibu, ila ukijua hesabu hii utaelewa kwa nini anahangaika, na utajua pa kumshika anaposema pesa haitoshi: mwombe akuonyeshe. Mapato na matumizi ya shule yanatakiwa yabandikwe kwenye ubao wa matangazo. Kama ubao una ratiba ya zamu ya usafi peke yake, uliza. Huulizi kwa ubaya. Pesa hiyo inaletwa kwa kichwa cha mtoto wako.

Michango ya hiari ipo na inaruhusiwa, na kuna mambo ambayo bila nguvu ya wazazi hayatafanyika, uji wa saa nne ukiwa wa kwanza. Mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri bila kitu tumboni hawezi kuelewa hesabu za mafungu saa tano. Kwa hiyo mkutano wa wazazi ukikubaliana debe la mahindi au shilingi kadhaa, changia, na usiwe wa mwisho. Ila shika mambo haya: uamuzi uwe wa mkutano na wenye muhtasari, usiwe wa mtu mmoja ofisini; Januari 2018 Rais Magufuli aliwatoa walimu kwenye kazi ya kukusanya michango, kwa hiyo pesa isipite mikononi mwa mwalimu wa darasa; dai stakabadhi au kontroo namba; na asiyeweza kutoa, mtoto wake ale na wenzake. Uji unaonyimwa mtoto mmoja mbele ya darasa zima utamfundisha utoro haraka kuliko kitu kingine chochote.

Tuje kwenye miaka. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Dodoma tarehe 1 Februari 2025, imerefusha elimu ya lazima hadi miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Mtoto anaanza Darasa la Kwanza akiwa na miaka 6, baada ya mwaka mmoja wa awali. Mtaala mpya uliingia madarasani Januari 2024, ukianza na awali, Darasa la Kwanza na la Tatu, pamoja na Kidato cha Kwanza kwa shule za mkondo wa amali, ule unaofundisha fani, ambao nitaueleza mbele. Watoto waliokuwa Darasa la Tatu mwaka huo watamaliza msingi wakiwa Darasa la Sita mwaka 2027, na mwaka huohuo watamaliza kaka na dada zao wa Darasa la Saba wa mwisho. Madarasa mawili yatagonga mlango wa Kidato cha Kwanza kwa pamoja Januari 2028.

Kama una mtoto katika mojawapo ya madarasa hayo, usingoje 2028 ifike. Mwulize diwani wako, sasa, sekondari ya kata ina vyumba vingapi vya Kidato cha Kwanza na vitaongezwa vingapi. Serikali ikidhamiria hujenga: kwa fedha za UVIKO-19 mwaka 2021 ilijenga vyumba 12,000 vya sekondari na 3,000 katika shule shikizi, zile za madarasa ya mwanzo zilizo chini ya shule mama, kwa muda mfupi. Vyumba hupatikana. Walimu wa hisabati na fizikia huchelewa, kwa hiyo swali lako kwa diwani lisiishie kwenye tofali na bati.

Kuna maana nyingine ya miaka 10 ambayo naiona kubwa kuliko zote. Tangu zamani mtihani wa Darasa la Saba ulikuwa chujio. Aliyefaulu alikwenda, aliyeshindwa alirudi kuchunga, kuuza karanga stendi au kutafutiwa mchumba. Ndiyo maana katika baadhi ya vijiji wazazi waliwaagiza watoto wao, hasa wa kike, waandike majibu ya uongo makusudi ili wafeli na biashara iishe kihalali. Elimu ya lazima inapofika Kidato cha Nne, mtihani wa mwisho wa msingi unakuwa kipimo cha kujua mtoto yuko wapi, hauwi tena mlango wa kumtolea nje. Hila ile inakosa kazi. Mzazi ambaye bado atajaribu kumwondoa binti shuleni akumbuke pia kwamba tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, kumwoa au kumpa ujauzito mwanafunzi ni kosa la miaka 30 jela.

Na kama binti ameshapata ujauzito, au kijana alitoroka kwenda machimboni na sasa amerudi, safari haijaisha. Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 uliruhusu waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwamo, kurudi katika shule za mfumo rasmi. Nenda kwa mkuu wa shule mapema, mkiwa wawili, wewe na mtoto, na mkizungushwa nendeni kwa Afisa Elimu Kata na waraka huo mdomoni. Anayeona aibu kukaa na wadogo zake anaweza kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo ina vituo mikoani. Mtoto ambaye hakuwahi kuanza kabisa na umri umemtupa ana MEMKWA, mpango uliobuniwa kwa ajili yake. Mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu ndiye wa kuanza kumwona.

Kuhusu kuandikisha, nina machache. Usingoje Januari, uandikishaji hufunguliwa miezi ya mwisho ya mwaka uliotangulia, na anayekuja mwishoni hukuta darasa la watoto 120. Cheti cha kuzaliwa kinasaidia sana baadaye, kwenye mitihani, mikopo na kitambulisho cha taifa, kwa hiyo kitafute. Kwa watoto walio chini ya miaka mitano RITA, wakala wa Serikali wa usajili, wamekuwa wakikitoa bure katika ofisi za kata na vituo vya afya. Ila kukosekana kwa cheti kusiwe sababu ya mtoto kukaa nyumbani. Kadi ya kliniki au maneno ya mwenyekiti wa mtaa yanatosha kuanzia.

Kama shule iko mbali mno kwa mtoto wa miaka 6, wazazi wa kitongoji kimoja mnaweza kuomba shule shikizi ya madarasa ya mwanzo, iwe chini ya uangalizi wa shule mama. Zipo nyingi nchini, na nyingi zilianza kwa wananchi kusimamisha boma kabla halmashauri haijapaua. Sidhani ni haki kumwita mzazi mtoro kwa sababu amekataa kumvusha mtoto mdogo mto kwa miguu wakati wa masika. Hapo Serikali ndiyo inayodaiwa.

Mtoto mwenye ulemavu naye yumo kwenye ulazima huu, sawa na wengine. Bado kuna nyumba ambazo mtoto asiyesikia au asiyetembea hatajwi wakati karani anapopita kuhesabu watoto wa umri wa shule. Anayemficha anavunja sheria kama yule anayemtuma mtoto kuuza maji. Kwenye kila halmashauri kuna ofisa wa elimu maalumu. Mwone ofisa huyo kabla ya uandikishaji, akwambie ni shule ipi ina kitengo na mwalimu wa lugha ya alama, wa breili au wa watoto wenye ulemavu wa akili. Uwe tayari kusumbuka. Vitengo hivyo ni vichache, vingine viko mbali, na kwa maoni yangu hili ndilo eneo ambalo Serikali ina deni nene kuliko yote.

Wasomaji wa Visiwani wajue kwamba elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano. Zanzibar ina wizara yake, sheria yake na mpangilio wake wa madarasa, na elimu bila malipo ilitangazwa huko tarehe 23 Septemba 1964, miaka mingi kabla ya Bara. Kwa ndugu zetu wa Kenya, haki hii imo ndani ya Katiba yenyewe, Ibara ya 53, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtishia mzazi mkaidi kwa faini isiyozidi shilingi 100,000 za Kenya au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, huku ikikataza shule za umma kutoza karo. Wakenya wameyaandika madeni yote mawili kwenye sheria moja, jambo ambalo ningependa nasi tuliige badala ya kutegemea nyaraka zinazoweza kubadilishwa kwa waraka mwingine.

Nimeacha mwisho jambo ambalo wazazi wengi hulisahau wakishanunua sare. Kumwandikisha mtoto bila kufuatilia anajifunza nini ni kumkatia tiketi ya basi lisilotoka stendi. Tafiti za Uwezo, zilizokuwa zikipita nyumba hadi nyumba Tanzania, Kenya na Uganda, ziliwapa watoto hadithi fupi ya kiwango cha Darasa la Pili, na wengi wa Darasa la Tatu walishindwa kuisoma. Walikuwa wameandikishwa, walikuwa wanahudhuria, majina yao yalikuwa kwenye rejista. Sheria ya ulazima ilikuwa imetimizwa kikamilifu.

Unaweza kufanya kipimo hicho leo jioni, hata kama wewe mwenyewe uliishia Darasa la Nne. Chukua kitabu cha Kiswahili cha Darasa la Pili, kiazime kwa jirani kama huna. Mpe mtoto wa Darasa la Tatu asome ukurasa mmoja kwa sauti, kisha mwulize ni nani alifanya nini. Mpe hesabu ya kutoa yenye kukopa. Akishindwa, usimpige na usimtukane mwalimu. Nenda shuleni siku ya kazi, muda wa mapumziko, zungumza na mwalimu wake wa darasa kwa adabu, mkubaliane mtoto asome nini nyumbani kila siku. Dakika 20 za kusoma kwa sauti wakati chakula kinaiva zinamsaidia mtoto wa darasa la chini kuliko tuisheni ya kulipia, ambayo mara nyingi ni mwalimu yuleyule, somo lilelile, chumba kilekile, ila sasa kuna shilingi mia tano mkononi.

Kwa mwenye mtoto wa Darasa la Tano au la Sita kuna kazi ya ziada, nayo ni Kiingereza. Mtoto aliyesoma karibu kila kitu kwa Kiswahili atafika Kidato cha Kwanza akute masomo mengi yamegeuka lugha ndani ya wiki chache. Wengi hukaa kimya mwaka mzima, na kimya hicho ndicho huzaa utoro wa Kidato cha Pili. Ubishi wa lugha ya kufundishia ni mkubwa na mimi nina upande wangu, lakini mtoto wako hawezi kusubiri tumalize kubishana. Mzoeshe kusoma vitabu vyepesi vya Kiingereza kuanzia sasa, na shule ikiwa na klabu ya lugha mhimize ajiunge.

Mkondo wa amali nao umewachanganya wengi. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kufuata mkondo wa jumla au wa amali, ambao unamfundisha masomo ya kawaida pamoja na fani, iwe ufundi, kilimo, michezo au nyingine. Usikubali mtu akwambie ni wa waliofeli. Lakini kabla hujamruhusu mtoto kuchagua, tembelea shule uione karakana kwa macho yako. Fani ya umeme isiyo na waya, vipimo wala fundi wa kufundisha itabaki jina tu kwenye cheti.

Mahali pa kuyauliza yote haya ni pamoja, napo ni kwenye kikao cha wazazi. Ukienda utakuta akina mama wamejaa na akina baba wanne wamesimama nyuma karibu na baiskeli zao, halafu watu walewale wasiokuja ndio hulalamika kijiweni kwamba shule imeharibika. Kamati ya shule ina wajumbe wanaotokana na wazazi, na ndiyo inayopitisha bajeti ya ruzuku. Kama humjui hata mjumbe mmoja, au kama wamekaa miaka sita bila kuchaguliwa upya, hilo liwe swali lako la kwanza. La pili liwe la zile shilingi 6,000 za kila mtoto. Nenda na kalamu, andika majibu, na baba mwenye nyumba safari hii asimtume mama peke yake.